Kuwaombea Wasio na Majina

*Kanisa Kuu la Mkunazini, Unguja, hupokea wageni wanaoinamisha vichwa kwa ajili ya watu wasiowajua. Dua hiyo ina thamani gani, na inamdai nini anayeiomba?*

Na Mwandishi Wetu

Mbele ya madhabahu ya Kanisa Kuu la Kristo, Mkunazini, pana duara la marumaru nyeupe lililozungukwa na nyekundu, na kila afikaye hapo, awe Mkristo aliyekuja kusali au mtalii aliyekuja kutazama, huambiwa na kiongozi wake kwamba ndipo uliposimama mti ambao watumwa walifungwa na kuchapwa viboko hadharani, ili mnunuzi ajue ustahimilivu wa mwili kabla hajatoa fedha yake.

Hapo ndipo nyayo hupunguza mwendo. Kijana aliyekuwa akichezea kamera huishusha, mzee huvua kofia, wengine hufumba macho na kunong'ona kwa lugha ambazo mwenyeji hazitambui. Na wako pia wasiojua la kutenda, ambao hubaki wakitazama viatu vyao mpaka kiongozi awaite waende mbele.

Wale wanaonong'ona, wanamwombea nani? Mtu aliyesimama pale akiwa na kamba mikononi hakuacha jina wala kaburi, na haijulikani alimwabudu Mola wake kwa njia gani. Jambo hilo, ambalo kwa mtazamo wa juujuu ni la wema mtupu na halina ubishi ndani yake, limewagawa wanatheolojia, wanahistoria na wenyeji wa mji. Nasi tumelitazama upande kwa upande, maadamu kila upande una hoja inayostahili kusikilizwa.

Soko lililogeuka kanisa

Katika miaka ya 1860, kwa makisio ya wanahistoria, watu wapatao 20,000 waliingizwa Unguja kila mwaka, wengi wao wakitoka kandokando ya Ziwa Nyasa, wakaswagwa hadi Kilwa, wakapakiwa majahazini na kuteremshwa forodhani, ambako kila kichwa kililipiwa ushuru sawasawa na pembe na karafuu. Soko la wazi la Mkunazini lilikuwa mahali ambapo wengi wao walipata bwana.

Uingereza ilikwisha kuibana biashara hiyo kwa mikataba ya 1822 na 1845, ambayo kila mmoja uliacha mwanya wa kupitia. Tarehe 5 Juni 1873 Sayyid Barghash bin Said, Sultani wa Zanzibar, alitia sahihi mapatano ya kukataza watumwa wasisafirishwe baharini na kuyafunga masoko yao yote. Wala hakutia sahihi kwa ridhaa, bali baada ya Balozi John Kirk wa Uingereza kumfahamisha kwamba akikataa, manowari zitakizingira kisiwa.

Mwaka haukuisha. Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, iliyojulikana kwa herufi zake UMCA, ambayo ilihamia Unguja mwaka 1864 baada ya kufiwa na watu wengi katika bonde la mto Shire, ilijipatia kiwanja cha soko, sehemu kwa kununua na sehemu kwa hiba ya tajiri mmoja wa Kihindi, na Siku ya Krismasi ya 1873 jiwe la msingi likawekwa.

Mjenzi alikuwa Edward Steere, aliyesomea sheria kabla hajawa padri na aliyewekwa kuwa askofu mwaka 1874, mtu ambaye wasomaji wa Kiswahili wanamjua zaidi kwa kitabu chake cha sarufi na kwa mkusanyo wake wa hadithi za Unguja, vyote vilivyotoka mwaka 1870. Paa alilipinda kwa zege la matumbawe na saruji bila boriti ya kulishika, na wengi wakabashiri kwamba lingewaporomokea waumini. Ibada ya kwanza ilifanyika Krismasi ya 1877, na paa lingali juu.

Karibu na mlango zimo nguzo fupi zilizosimamishwa kichwa chini, miguu juu. Husimuliwa kwamba mafundi walizisimika hivyo Steere akiwa safarini, naye aliporejea akaamua ziachwe. Husimuliwa pia kwamba Sayyid Barghash, ambaye hakuwa Mkristo wala hakukusudia kuwa, alilitunukia kanisa saa ya mnarani kwa sharti kwamba mnara usiipite kimo Beit al-Ajaib, jumba lake la pwani.

Wenye majina ukutani

Mgeni akiinua macho kutoka kwenye lile duara la marumaru, atakutana na majina. Steere, aliyefariki mwaka 1882, amezikwa nyuma ya madhabahu. Mabaharia wa Kiingereza waliokufa katika doria za kuyasaka majahazi ya watumwa wanakumbukwa humo ndani. Msalaba wa mbao ulio karibu umechongwa, kama kanisa lisemavyo, kutokana na mti wa kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, ambao chini yake watumishi wa David Livingstone, Susi na Chuma, waliuzika moyo wake mwaka 1873 kabla ya kuubeba mwili wake hadi pwani.

> Waliopigana na biashara ile wana mabamba ya kuwataja. Walioteswa nayo hawana hata herufi moja.

Si insafu kuwalaumu waliotundika mabamba hayo, kwa kuwa kila jamaa huwakumbuka watu wake, na wale mabaharia walikufa kweli. Lakini hesabu ya majina haikosi kumgutusha mtazamaji mwenye dhamiri, kwani wale ambao kwa ajili yao kanisa lilijengwa ndio pekee wasiotajwa kwa majina ndani yake.

Upungufu huo ulitafutiwa fidia mwishoni mwa miaka ya 1990, wakati msanii wa Uswidi, Clara Sörnäs, alipowaweka watu watano wa zege katika shimo la mstatili nje ya kanisa, shingo zao zikiwa zimeunganishwa kwa mnyororo unaoelezwa kuwa ni wa zama zile zile. Atazamaye hulazimika kuwatazama kutoka juu, mahali ambapo mnunuzi angesimama, na pengine hiyo ndiyo sababu watu wengi hawakai hapo muda mrefu. Kila mmoja wa watano hao ana uso wake. Jina hana.

Waangalikana wasioafikiana

Ubishi wa kwanza umo ndani ya Kanisa lenyewe. UMCA ilikuwa misheni ya mkondo wa Kikatoliki katika Uangalikana, yenye uvumba, maungamo na misa ya wafu, na katika makanisa iliyoyaasisi, kuanzia Unguja hadi Masasi, kuwaombea marehemu ni ada isiyohitaji utetezi. Tarehe 2 Novemba, Siku ya Marehemu Wote, huombewa wanaojulikana na wasiojulikana pamoja.

Walakini Waangalikana wa bara, wa Dodoma na Morogoro, walipokea Injili kutoka kwa misheni ya Church Missionary Society (CMS), iliyofundisha kwamba safari ya mtu hukamilika anapokata roho, na kwamba aliye hai hawezi kumwongezea wala kumpunguzia marehemu chochote mbele ya Mungu. Wao huitegemea ile Ibara ya 22 katika ibara 39 za Kanisa la Uingereza, inayoikana toharani. Kwao, anayesimama Mkunazini ashukuru kwamba soko lilifungwa, kisha awaombee walio hai, hasa wale ambao hata leo huuzwa kwa hila na kupelekwa utumwani chini ya jina la ajira.

Mikondo hiyo miwili iligongana waziwazi mwaka 1913, baada ya mkutano wa Kikuyu huko Kenya, Askofu Frank Weston wa Zanzibar alipowashitaki maaskofu wenziwe wa Mombasa na Uganda kwa kushirikiana na Waprotestanti kupita kiasi. Leo imo nyumba moja, Kanisa Anglikana la Tanzania, lililopata kuwa jimbo linalojitegemea mwaka 1970, lakini mtu wa Dodoma anayeingia Mkunazini bado husali sala tofauti na ya mwenyeji wake.

Watetezi wa ada ya Unguja hujibu kwamba upendo hauulizi kwanza kama mpendwa yu hai. Kwamba Mungu hafungwi na tarehe. Na kwamba mtu ambaye hapana hata mmoja aliyemlilia alipokufa ana haki zaidi, si pungufu, ya kutajwa na mtu mwingine mbele ya Muumba.

Jirani Mwislamu, na wahenga wa bara

Kanisa hilo limezungukwa na mji ambao wenyeji wake ni Waislamu kwa sehemu kubwa kabisa, na kwao kumwombea usiyemjua si jambo geni. Kila Ijumaa khatibu huwaombea Waislamu wanaume na wanawake, walio hai na waliokufa. Hitima husomwa majumbani. Na katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi Unguja, husaliwa hata maiti aliye ghaibu.

Mipaka nayo ipo. Dua ya maghufira, kwa mafundisho ya wanazuoni, huombewa aliyekufa katika Uislamu. Wengi waliosimama Mkunazini walisilimu baadaye katika nyumba za mabwana zao, wakazikwa Kiislamu. Wengine walikufa kabla hawajajua jina la mji waliofikishwa.

Aidha wako wanaouliza swali gumu kuliko yote. Myao, Mnyasa au Mmakua aliyenyakuliwa kijijini kwake hakuwa mtu asiye na ibada. Wayao walikuwa wakiwakumbuka wahenga wao kwa kumimina unga shinani mwa mti, na mtu huyo angependa, lau angeulizwa, akumbukwe vivyo hivyo. Amekwisha kutekwa mara moja, akapewa jina jipya na bwana mpya. Je, kumsalia leo kwa dini ambayo hakuichagua si kumteka mara ya pili?

> Dua inayomtia marehemu mikononi mwa Mungu haimdhulumu. Inayomtia katika orodha ya waumini wetu huenda ikamdhulumu.

Hoja hiyo haipuuziki. Hata hivyo, haimzuii mtu asiombe, ila humfunza adabu ya kuomba: kwamba amkabidhi mtu asiyemjua kwa Yule aliyemjua, wala asijidai kujua zaidi.

Vyumba vya chini na ukweli wake

Ubishi wa pili ni wa historia. Katika kiwanja hicho hicho, chini ya jengo la zamani la Mtakatifu Monika, vimo vyumba viwili vyenye dari fupi na madirisha madogo kupita kiasi, ambavyo wageni huelezwa kuwa vilikuwa mahabusi ya watumwa waliosubiri kunadiwa. Wageni huinama, huingia, hukaa juu ya mabaraza ya mawe, na wengi hutoka wakilia.

Lakini baadhi ya wanahistoria hupinga, wakisema kwamba jengo lile lilijengwa na misheni baada ya soko kufungwa, na kwamba vyumba vile yaelekea vilikuwa ghala. Wanaoyashikilia mapokeo hujibu kwamba mahali penye soko hapakosi mahali pa kufungia watu, na kwamba hata kama si chumba hiki, kilikuwapo kingine kinachofanana nacho.

Jawabu hilo lina huruma ndani yake, lakini halitoshi. Anayelia mahali pasipo pake hakutenda dhambi. Lakini aliyemwonyesha mahali hapo kwa yakini asiyokuwa nayo amemkosea yeye na marehemu kwa pamoja. Mateso ya watu wale yalikuwa makubwa kiasi kwamba hayahitaji kuongezewa chumvi.

Kadhalika huulizwa, nani hutajwa na nani husahauliwa masimulizi yanapotolewa. Wazanzibari wengi hulalamika kwamba mgeni huondoka akiamini kuwa biashara ile ilikuwa ya Waarabu peke yao, ilhali walikuwamo watemi na wapiganaji wa bara waliouza mateka, matajiri wa Kihindi waliokopesha misafara, Wafaransa walionunua watu kwa ajili ya mashamba ya miwa ya visiwa vya Bahari ya Hindi, na wateja wa Ulaya na Marekani waliotamani pembe, ambazo aghalabu zilibebwa mabegani mwa watumwa. Katika nchi ambayo nasaba ya mtu imepata kumgharimu maisha yake, kuitupa lawama yote upande mmoja ni kuuchokonoa uhasama ambao haujasahaulika.

Maonyesho ya historia ya utumwa yaliyofunguliwa kiwanjani hapo mwaka 2016, kufuatia ukarabati ulioshirikisha Mfuko wa Kumbukumbu za Dunia na Umoja wa Ulaya, yamejitahidi kuipanua hadithi hiyo, na mgeni mwenye wasaa husoma kutani mengi ambayo hayasemwi katika ziara ya haraka.

Tikiti mlangoni

Wageni hulipa kiingilio. Wapo waumini wanaoona haya kwamba nyumba ya sala ina dirisha la tikiti, na wapo watalii wanaohisi kwamba kwa kuwa wamelipa, wana haki ya kuingia na kaptura na kuongea kwa sauti. Jumapili asubuhi, ibada ya Kiswahili inapoendelea, pande hizo mbili hukutana mlangoni na kutazamana.

Ukweli wa fedha hauna huruma. Mawe ya matumbawe hunywa unyevu, chokaa hubanduka, na Mji Mkongwe, ulioandikishwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, umejaa majengo yaliyoanguka kwa kukosa mlezi. Ushirika mdogo wa Wakristo, katika kisiwa ambamo wao ni wachache mno, hauwezi kulitunza jengo kubwa vile kwa sadaka peke yake. Kiingilio si aibu. Aibu ingekuwa kumwuzia mgeni machozi na kumnyima maarifa.

Wageni walio jamaa

Liko jambo ambalo mgeni wa ng'ambo hawezi kulijua asipoambiwa, na mwenyeji hapendi kulisema. Watumwa walioingizwa Unguja hawakuvushwa wote kwenda Arabuni. Wengi, tangu mikarafuu ilipoenea katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, walibaki papa hapa, Unguja na Pemba, wakalima, wakavuna, wakaoa na kuzaa. Hadhi ya utumwa ilipofutwa katika sheria, tarehe 6 Aprili 1897, hawakuwa na kwao pengine pa kurudi.

Basi yule asiyejulikana, ambaye mgeni humwombea akifumba macho, huenda akawa mamake babu wa mtu aliyemwuzia maji ya ukwaju nje ya mlango. Ukoo wake uko hai. Ila umenyamaza, kwa kuwa katika jamii nyingi za pwani kumtaja mtu kuwa na asili ya utumwa ni tusi hata leo, na familia zimejitafutia nasaba za heshima ili kulikimbia.

Wala si watumwa wote waliokosa kauli. Mwaka 1864 Sultani Majid alimpa Askofu Tozer wa UMCA watoto watano waliokamatwa katika jahazi, na mmoja wao, John Swedi, akapewa daraja ya ushemasi mwaka 1879. Cecil Majaliwa, Myao aliyeuzwa utotoni, akawa padri mwaka 1890. Wanafunzi wa shule ya Kiungani, waliookolewa baharini, walisimulia jinsi vijiji vyao vilivyochomwa, nani aliwashika, na mikono mingapi iliwanunua na kuwauza kabla hawajaiona bahari, na A. C. Madan, yule yule mtunga kamusi, akayatoa masimulizi yao kwa Kiingereza katika kitabu kilichochapwa London mwaka 1887.

> Sauti za watoto wa Kiungani zilitangulia kuwafikia wasomaji wa London kabla ya kuwafikia wajukuu zao.

Linalomdai aombaye

Askofu Weston, ambaye hakuna awezaye kumshuku kwamba aliidharau ibada, aliwaambia Waangalikana waliokusanyika London mwaka 1923 maneno ambayo maana yake ni kwamba hawana haki ya kumwabudu Yesu altareni ikiwa hawamhurumii katika mitaa ya mafukara. Miaka mitatu nyuma alikuwa ameandika kijitabu kuishutumu serikali ya nchi yake mwenyewe kwa kuwatumikisha Waafrika kwa nguvu, na hivyo hakusema jambo ambalo yeye mwenyewe hakulilipia.

Kwa kipimo hicho, ubishi wetu wote unapata mahali pake. Ikiwa dua ya Mkunazini inawafaa wafu au haiwafai, Mola ndiye ajuaye, na wanatheolojia wa Unguja na Dodoma wataendelea kutafautiana kwa heshima. Lakini yapo ambayo dua hiyo inamdai aliye hai, na hayo hayana tafauti ya madhehebu: kujua kiasi kinachojulikana kuhusu mtu unayemwombea, kutomsingizia yasiyothibitika, na kutoidharau damu yake inayotembea mtaani.

Mambo matatu yanawezekana bila gharama kubwa. Viongozi wa wageni wafundishwe kusema wazi, katika vile vyumba vya chini, kwamba wanahistoria hawajaafikiana. Yale masimulizi ya Kiungani yatolewe kwa Kiswahili na kuuzwa kwa bei nafuu pale pale penye dirisha la tikiti. Na tarehe 2 Novemba, badala ya kuwataja marehemu wa soko kwa jumla, yasomwe majina ya wale wachache waliojulikana, Swedi na Majaliwa wakitangulia, ili wengi wasiotajwa wawe na watu wa kuwawakilisha.

La nne ni gumu kuliko hayo, nalo halimhusu askofu wala idara yoyote. Ni kwamba Mzanzibari, Mkristo au Mwislamu, aache kumtukana mwenziwe kwa asili yake. Na mwenye bibi aliyeuzwa Mkunazini aweze kulisema hilo barazani mchana, mbele ya wakwe, bila mtu kuinamisha uso. Wakati huo kanisa lile litakuwa na watu wachache zaidi wasiojulikana wa kuwaombea.